Kamera ya Wanaoanza

12 Mei

Imefika. Imetoka Dar ndani ya basi, chini ya kiti cha dereva, ikilindwa na gunia la vitunguu, na nimeipokea stendi ya Kilwa Masoko mbele ya umati, maana watu nilikuwa nimeshawatangazia tangu juzi.

Aliyeituma ni mpwa wangu Khamisi, mwenye duka la kamera Kariakoo. Anataka kuagiza za aina hii kwa wingi, lakini kwanza zijaribiwe na mtu anayeijua kazi. Ameniandikia kwenye simu: "Mjomba, itumie msimu wote wa ufuta. Andika kila kitu, umbo lake, uwezo wake, kasoro zake. Mwisho uniambie inafaa au haifai. Kamera yenyewe ni yako." Sasa naandika. Darasa la sita niliacha kwa hiari yangu, lakini mwandiko wangu hadi leo walimu wanautamani.

Kwenye boksi kuna Kiingereza. Samia, binti yangu, amenisomea: ni kamera ya wanaoanza. Wanaoanza! Mimi Shamte, niliyewapiga picha watalii wa mataifa tisa pale Kisiwani! Mimi niliyefika Mombasa, nikafika Msumbiji, nikafika Komoro mara mbili, moja bila kukusudia! Nimelichana lile neno kwenye boksi. Samia amecheka mpaka kakaa chini.

Na msimu huu una jambo kubwa kuliko kamera. Samia anaolewa tarehe kumi na mbili Julai, na Sadick wa Pande. Mimi na mama yake, Zuwena, hatuna picha hata moja ya harusi yetu. Aliyetupiga alitumbukia majini na mkoba wake akishuka kwenye mashua, filamu zote zikanywa chumvi. Zuwena hajawahi kulalamika. Ila kila nikileta nyumbani albamu ya harusi ya watu, huipekua yote taratibu, huifunga, husema, "Wamependeza." Basi.

Kwa hiyo nimeapa. Harusi ya Samia nitaipiga mwenyewe kwa mkono huu, tangu sufuria ya kwanza kuinjikwa mpaka bi harusi kuondoka. Hakitanipita kitu.

13 Mei

Nimeivaa shingoni kutwa. Sikupiga picha. Nilikuwa natembea tu.

17 Mei

Ya Khamisi haya. Mwili wake ni plastiki, mwepesi kuliko kopo la maziwa ya unga. Uzuri wake shingo haiumi. Ubaya wake, mteja akiishika anadhani ya mtoto, kwa hiyo nimeamua wasiishike. Mahali pa kushikia ni padogo. Vidole vitatu vinakaa, cha mwisho kinaning'inia hewani kama mtu aliyekosa siti. Juu kuna gurudumu la kuchagulia, unaliweka kwenye kichwa cha mtu ukipiga sura, kwenye mlima ukipiga mandhari, kwenye mtu anayekimbia ukipiga mpira. Hapa wameweza, hata asiyejua kusoma anaelewa. Kioo cha nyuma hakipinduki, hivyo ukitaka kupiga kwa chini lazima ulale. Nimelala mbele ya benki. Mlinzi kaja kuuliza kama naumwa.

Halafu mlio. Ukibonyeza inasema *kachaak!* hadi mtaa wa pili. Khamisi aliniambia wateja wa Dar wanaona ni kasoro. Huku kwetu ni sifa. Nilipokuwa napiga kwa simu, mzee akikaa kwenye kiti anauliza, "Tayari?" Namwambia tayari. "Mbona sijasikia?" Sasa wanasikia, wanaondoka wameridhika hata kabla picha haijatoka.

21 Mei

Mvua za mwisho mwisho. Wateja wawili, wote picha za pasipoti.

Chumba cha mkabala na studio yangu kimepata mpangaji. Ni msichana anaitwa Antonia, wa Nyangamara, kaja na pazia la bluu na kamera kuukuu iliyobanduka mpira wa pembeni akaurudishia kwa gundi ya viatu. Amenisalimu vizuri.

"Shikamoo, Mzee Shamte."

"Marahaba. Umekuja kulima?"

"Nimekuja kupiga picha."

"Na hiyo? Si imekufa hiyo?"

"Inakohoa tu, mzee. Yako vipi, imeshaota meno?"

Ulimi anao. Namwonea huruma. Hapa hachukui miezi miwili.

25 Mei

Hewa ya bahari ni adui wa lenzi, inaotesha ukungu ndani. Dawa ninayo: kamera inalala kwenye dumu la plastiki lenye mchele mkavu, mchele unanyonya unyevu. Leo nimefungua dumu, kamera imekaa chini peke yake kama mgeni asiyekaribishwa.

"Mama Samia, mchele wa kamera uko wapi?"

"Umeula mchana, Baba Samia. Ukasema umepikwa vizuri."

2 Juni

Likawage. Nimekwenda kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Mzee Mikaeli alitaka picha ya ukoo mzima mbele ya ufuta wao kabla haujaenda ghalani, maana mwaka huu umekubali. Nimekuta matita yamesimamishwa shambani yamekauka, wanayapindua kichwa chini juu ya turubai na kuyagonga kwa fimbo, ufuta unamiminika *shhhh* kama mvua ndogo. Watu ishirini na kitu kwenye mstari, kibibi kizee kimekalishwa katikati juu ya gunia.

Sasa nikajiona. Nina lenzi mbili, ile iliyokuja na kamera, na ndefu niliyoazima kwa mtu. Nikataka wanione nabadilisha. Nikasimama katikati ya upepo wa kusi, pembeni ya watu wanaogonga ufuta, nikaifungua kamera mdomo wazi kama kwa daktari wa meno, na nikawa nawahutubia kuhusu Komoro. Mzee Mikaeli akasema, "Mwanangu, hilo shimo si lingefungwa?" Nikamwambia mashine hizi zimetengenezwa kwa ajili ya dunia nzima.

Picha zimetoka safi. Kuondoka wamenipa kuku na ufuta kibaba kizima.

Ufuta mwingine nimeugundua nilipofika nyumbani. Punje moja imeingia kwenye pete ya lenzi. Ukizungusha kuvuta karibu inasema *krrk*.

5 Juni

*Krrk.*

8 Juni

Jambo la ajabu. Nimepiga pasipoti za wazee watano wanaojiandaa kwenda Umra, na wote watano wametoka na alama nyeusi katikati ya paji la uso, kama ya mtu wa kusujudu sana. Wenyewe wamefurahi kupita kiasi. Mmoja, simtaji, ambaye msikitini tunamwona Ijumaa kwa Ijumaa, kaangalia picha muda mrefu akasema, "Mwenyezi Mungu haachi kitu kipotee." Akaagiza kopi nane.

9 Juni

Leo wote waliokuja wameota alama. Dereva wa bodaboda anayo. Mtoto wa chekechea anayo. Padri aliyepita kutoka Nangurukuru naye anayo. Mama mmoja kairusha picha mezani: "Hili dude la nani usoni mwangu?"

Nimefunga studio mapema. Nimesafisha lenzi kwa kanzu, kwa kanga, kwa karatasi. Dude liko palepale. Ikiwa Samia ataolewa huku ana dude usoni kwenye kila picha, bora nibaki kupiga picha za kuku.

11 Juni

Nimevuka barabara. Sikupenda, lakini nimevuka.

Antonia hakucheka. Alichukua kamera, akaingia kwenye orodha ya mipangilio mahali ambapo mimi sijawahi kufika, kioo cha ndani kikajiinua, akaielekeza mdomo chini, akapuliza kwa kipira cha kusafishia masikio ya watoto, *fuu, fuu*. Basi. Vumbi la Likawage lilikuwa limekaa kwenye kile kioo kinachopokea picha, na kwa kuwa vichwa vya wateja wote naviweka mahali pamoja, linawaangukia pajini.

Halafu ndipo akacheka. Alicheka mpaka akaegemea pazia lake likaanguka.

"Mzee, umewasujudisha Kilwa nzima."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Kila mtu anaona aibu kuuliza ya mwenzake."

Punje ya ufuta kaitoa kwa sindano. Akaila.

Khamisi, andika: haina kizuizi cha vumbi. Mwingine akiinunua mwambie asiifungue mashambani. Mwambie umeambiwa na mtaalamu.

15 Juni

Ukavu. Bei ya ufuta mnadani imepanda na kila mwenye binti amekumbuka kuoza.

22 Juni

Pande, harusi ya binamu yake Sadick. Nilijialika nikafanye mazoezi ya ile yetu. Sikuingia.

Yaani nilifika nimejifunga mikanda miwili kifuani, wa kamera na wa mkoba, kama askari, nikaelekea chumba cha bi harusi, na mlangoni pamekaa kina mama wanne kwenye mkeka. "Shemeji, unakwenda wapi?" Nikasema kazini. Wakaangaliana. "Ndani bibi harusi kafunua kichwa, anapakwa hina. Utamwona pilau likishaliwa."

Nikawa nimekaa nje. Nimepiga sufuria za pilau kutoka pande zote nne. Nimepiga viatu. Nimepiga wajomba wakilala. Nikiwa pale, huyo Antonia kapita, kavaa baibui la kuazima, na kamera yake ya gundi, kaingia moja kwa moja, na mimi nasikia huko ndani vigelegele na *kachak, kachak*.

Wakati wa kurudi tulipanda pikipiki mbili zikifuatana. Tulipopumzika alinionyesha kwenye kioo chake. Bi harusi anatazama mikono yake yenye hina mbichi kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nimetazama sana. Nilikuwa nimebuni la kusema, la kumkosoa kuhusu mwanga. Sikulisema.

28 Juni

Kikao cha harusi, kwangu, barazani. Sheikh Yassini ndiye anayefungisha, tumesoma chuo kimoja cha Kurani, nilikuwa namnyang'anya tende. Kaniuliza, "Shamte, siku ya nikahi utamwoza mwenyewe, au utanipa mimi uwakili?"

Nikamwambia, "Nikupe. Mimi nitakuwa nazunguka na kamera."

Barazani wamecheka wote. Sheikh naye katabasamu: "Kisheria inafaa. Baba akinipa uwakili, nashika mimi mkono wa bwana harusi. Ila Shamte, kweli? Unaacha kumwoza mwanao ili umpige picha akiozwa?"

"Mtu yeyote anaweza kushika mkono, Sheikh. Kamera hii nani ataishika?"

Nimelisema vizuri, watu wamecheka tena. Nyuma ya pazia la mlango, wanakokaa wanawake, hakuna aliyecheka.

29 Juni

Zuwena kaniwekea uji, kaondoka.

30 Juni

Uji. Kaondoka.

1 Julai

Samia kaja studio, kakaa kwenye kiti cha wateja. Nikadhani anataka picha, nikawasha taa.

"Zima, Baba."

Nikazima.

"Picha si atapiga yeyote?"

"Picha gani? Nzuri au mbaya?"

"Baba, nisikilize. Sheikh atakuja mlangoni kwangu na mashahidi, ataniuliza kama nimeridhia. Nitasema ndiyo. Halafu atatoka aende barazani, na mimi nitabaki ndani nasikiliza dirishani. Nataka nikisikia 'nimekuoza' niisikie kwa sauti yako. Sitaki niisikie kwa sauti ya Sheikh Yassini. Ana mafua kila mwezi wa saba."

Nikafungua mdomo niseme la kuchekesha. Mimi sikosagi. Nikatafuta huku, nikatafuta kule.

"Na mama yako, ile hamu yake ya picha?" nikasema.

"Mama ndiye kanituma."

Nimekaa peke yangu baada ya hapo. Mimi nimeozesha watu kwa picha tangu ujana wangu, nimesimama kwenye nikahi zisizo na idadi, na katika zote hizo sikuwahi kujiuliza yule baba aliyekaa kwenye jamvi anakuwa anasikia nini moyoni. Kwangu alikuwa kanzu nyeupe inayorudisha mwanga vibaya. Na msimu mzima huu nimepanga harusi ya binti yangu, nimepanga lenzi na betri na pembe ya kusimama, nikasahau kwamba kwenye picha ile baba ni mimi.

4 Julai

Nimevuka barabara mara ya pili.

"Antonia, mwanangu, tarehe kumi na mbili una kazi?"

"Ninayo, Likawage. Kipaimara."

Moyo ukaanguka. Akaniacha uanguke mpaka chini, halafu akasema, "Nimeshawapa mtu mwingine. Samia alikuja tangu wiki iliyopita."

Nyumba nzima inanipangia maisha!

6 Julai

Antonia kaja nyumbani kutazama chumba cha bi harusi. Ni kidogo: kitanda, kabati, dirisha moja la nondo linalotazama barazani. Kasimama ukutani na kamera yake, kashindwa. Lenzi yake ni ya kuvuta karibu tu, haiwezi kuchukua chumba kizima. Kaniomba yangu. Nimempa. Nilikuwa nimeishika bado, akawa anaivuta, na mimi bado nimeishika.

"Mzee."

"Haya, haya."

Kaipekua kwa zamu yake. Andika Khamisi, huyu ni mtaalamu wa pili. Ule wepesi wa plastiki kaupenda, mkono hauchoki. Kidole cha mwisho hakimning'inii, mkono wake mdogo, kwa hiyo kosa lile ni la mkono wangu. Ile lenzi ndogo ya bei rahisi niliyokuwa naidharau, inafungua kwa upana, inameza chumba na dirisha na nje ya dirisha. Chumbani giza kidogo, picha inatoka na chengachenga, lakini kasema atazima taa ya kamera na kutegemea mwanga wa dirishani, "maana hiyo taa, mzee, inajirusha yenyewe kama jogoo."

"Lakini mlio wake," kasema, "ni mkubwa mno. Utawakatisha dua. Kuna mahali pa kuupunguza."

Nikamwambia usiupunguze.

12 Julai

Nimeandika tarehe, nikakaa. Nitaandika kama ilivyokuja.

Tangu alfajiri mikono yangu haina kazi. Kila nikigusa shingo, hakuna kamba. Nimepishana na wageni wa Pande wakitoka magarini wameng'aa, mwanga wa asubuhi umelala kwenye mabega yao, pembe ile, pembe ninayoijua, na mimi nasema "karibuni, karibuni" kama mtu wa kawaida.

Baada ya Alasiri tukakaa kwenye jamvi. Sheikh kaingia ndani na mashahidi, karudi, kasema Samia karidhia. Mafua anayo kweli. Sadick kakaa mbele yangu, goti kwa goti, jasho linamtiririka chini ya kofia. Sheikh kachukua mkono wangu wa kulia akauweka kwenye wa Sadick, akaufunika kwa leso.

Nikaubana mkono ule kama nilivyoibana kamera Antonia alipoivuta.

Sheikh kanitamkia maneno niyafuate. Watu wote wananitazama, na pwani nzima inajua Shamte hakosi la kusema. Nikanyamaza. Sheikh karudia, kwa upole, kama mtu anayemsomesha mtoto. Bado. Sadick kainua macho, kijana wa watu, kaogopa labda nimeghairi.

Ndipo dirishani, upande wangu wa kushoto, nikasikia: *kachaak!*

Sikugeuka. Lakini nilijua pale penye mlio Samia yupo, amekaa na hina yake, ananisubiri. Nikasema. Nimekuoza binti yangu Samia, kwa mahari tuliyokubaliana. Nimesema kwa sauti ya uwanja wa mpira, ya kuuza samaki, hadi watu wa nyuma wakashtuka. Sadick kajibu, "Nimekubali kumwoa," na huko ndani vigelegele vikapasua bati, na katikati ya vigelegele, *kachaak, kachaak, kachaak*.

Nimelia. Naandika hapa ili Khamisi asije akasikia kwa watu.

13 Julai

Antonia kaja na kadi ya kamera. Tumekaa mimi, yeye na Zuwena, tumetazama kwenye kompyuta yake. Nyingi ni nzuri. Nilitaka kukosoa tatu, Zuwena kanikanyaga mguu.

Halafu ikaja ile ya dirishani. Kasimama nyuma kabisa ya chumba, mahali ambapo mwanamume yeyote, hata awe na kamera ya dhahabu, hawezi kusimama. Mbele kuna bega la Samia na kipande cha hina, na mkono wa Zuwena umelishika bega hilo. Kisha nondo za dirisha. Kisha nje, kwenye mwanga, mzee mmoja wa kanzu nyeupe kamshika kijana mkono, mdomo umefunguka nusu, na uso wake, jamani, sikuwahi kuuona. Nimeisogelea mpaka pua karibu iguse kioo, ndipo nikajua ni mimi.

Chengachenga zipo. Kanzu imerudisha mwanga vibaya.

Zuwena hakuigusa. Kaitazama tu, muda mrefu kuliko albamu zote za watu alizowahi kupekua. Mwisho kasema, "Tumependeza."

21 Julai

Ufuta umekwisha mashambani, upepo umepoa, Samia kahamia Pande na kila siku anapiga simu kuuliza kama mama yake kaupika tena mchele wa kamera.

Picha nimeikuza, nimeitundika studio, ukutani, mlangoni kabisa. Leo yule mzee wa kopi nane kasimama mbele yake.

"Shamte, hii kapiga nani? Wewe umo ndani."

"Kamera yangu," nikasema.

Kaendelea kunitazama. Nikatazama nje, ng'ambo, Antonia anafagia kibaraza chake, kamera yake ya gundi imening'inia mgongoni.

"Kamera yangu," nikasema, "ila kapiga Antonia. Nenda pale, akusafishie na ile alama kwenye picha zako, atakuonyesha ilivyotoka."

Mpwa wangu Khamisi: umbo zuri, vumbi haiwezi, betri inadumu siku nzima ya harusi, mlio usiuguse. Kasoro moja wameisahau kwenye boksi: haimwoni aliyeishika, lazima umpe mtu mwingine. Inafaa. Ile karatasi ya wanaoanza nimeiokota, nimeibandika tena kwa gundi ya viatu.